Siku tatu kwa miguu Cotswolds ukiwa na kiongozi: mwongozo kamili

Uingereza na Wales zina takriban kilomita 225,000 za njia ambazo mtu yeyote ana haki ya kisheria ya kuzipita, hata pale zinapokatiza katikati ya shamba la ngano au nyuma ya zizi la mtu. Mwenye shamba haruhusiwi kuziba njia hizo, na mpitaji haombi ruhusa. Mgeni akilielewa hilo, mengine yote yanakuwa rahisi. Unaweza kulala kijiji kimoja, ukanywa chai asubuhi, ukavuka mashamba kumi ya watu kumi tofauti, na jioni ukafika kijiji kingine bila kulipa kiingilio popote.

Haki hiyo haikuja yenyewe. Njia nyingi ni za kale, za watu waliokuwa wakienda kanisani, sokoni au kinuni, lakini nyanda za juu zilizo wazi zilifungwa kwa muda mrefu na wenye ardhi. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa viwandani, walipanda Kinder Scout kaskazini mwa nchi bila ruhusa ya wenye ardhi, na baadhi yao wakafungwa jela. Sheria ya mwaka 1949 ilianzisha hifadhi za taifa na kuamuru njia za umma ziorodheshwe kwenye ramani rasmi. Sheria nyingine ya mwaka 2000 ikafungua maeneo makubwa ya vilima na nyika. Ukiona mshale mdogo wa njano umepigiliwa kwenye nguzo shambani, jua kuna watu waliupigania.

Mwongozo huu unahusu eneo moja tu, Cotswolds, magharibi mwa London. Ni vilima vya chini vya mawe ya chokaa yenye rangi ya asali, na vijiji vyake vimejengwa kwa mawe hayohayo. Vilima si virefu, vijiji vimekaribiana, na treni inakufikisha kutoka London kwa saa moja na nusu hivi. Kwa anayetembea mashambani Uingereza kwa mara ya kwanza, sioni mahali pazuri zaidi.

Chukua sehemu ya njia, usichukue yote

Njia kuu ya hapa inaitwa Cotswold Way. Ina urefu wa kilomita 164, kutoka mji mdogo wa Chipping Campden hadi kanisa la kale la Abbey katika mji wa Bath, na tangu 2007 ni miongoni mwa njia rasmi za kitaifa. Kuimaliza kunahitaji kati ya siku saba na kumi. Usianze na hiyo. Anza na sehemu ya kaskazini, kutoka Chipping Campden hadi kilima cha Cleeve, karibu kilomita 40 kwa siku tatu. Sehemu hiyo ina karibu kila kitu kinacholeta watu Cotswolds: vijiji, makanisa yaliyojengwa kwa fedha za sufu, magofu ya watawa, kaburi la zama za mawe, na kilima kirefu kuliko vyote vya eneo hili. Ukiipenda, Bath haihami.

Je, unahitaji kiongozi?

Mtu mzima mwenye afya na anayejua kusoma ramani anaweza kuitembea njia hii peke yake, maana imewekewa alama vizuri. Kampuni nyingi pia huuza safari isiyo na kiongozi: wanakupangia vyumba, wanakusafirishia mizigo, wanakupa ramani, unatembea mwenyewe. Ni nafuu zaidi, na wapendao ukimya huifurahia.

Hata hivyo kwa safari ya kwanza nashauri mchukue kiongozi. Alama mtaziona wenyewe, lakini kiongozi ataona usiyoyaona. Kuna mahali karibu na Winchcombe ambapo nyasi za malisho zina mawimbi marefu yaliyolingana. Asiyejua atadhani ni umbo la ardhi tu. Kiongozi mzuri atasimama na kueleza kwamba hizo ni alama za majembe ya ng'ombe ya zama za kati, kutoka siku ambazo shamba hilo lililimwa na wanakijiji kwa vipande, kabla kondoo hawajachukua nafasi ya watu. Baada ya maelezo hayo hutaangalia malisho ya Uingereza kwa jicho lilelile. Pia kiongozi ndiye anayeamua mwendo wa kundi, lini kugeuka mvua ikizidi, na upande gani wa kupita shamba lenye ng'ombe na ndama.

Kabla ya kulipa, iulize kampuni maswali haya na udai majibu ya maandishi:

- Kiongozi ana cheti gani? Taasisi ya Mountain Training hutoa ngazi kadhaa, na kwa vilima vya chini kama hivi inatosha ile ya Lowland Leader. Aulizwe pia cheti cha huduma ya kwanza.
- Kila siku ni kilomita ngapi, na mita ngapi za kupanda? Jibu la "matembezi ya wastani" halitoshi.
- Kundi lina watu wangapi? Wakizidi 15, mtakuwa mnasubiriana kila lango.
- Mtu akichoka au akiumia katikati ya siku, anaondolewaje?
- Anayelala chumba peke yake anaongezwa kiasi gani? Nyongeza hii hushtua wengi.
- Chakula kipi kimo ndani ya bei? Mara nyingi ni kifungua kinywa pekee, na cha mchana na cha jioni unajilipia.

Kampuni inayouza usafiri, malazi na kiongozi kwa pamoja inabanwa na kanuni za Uingereza za mwaka 2018 kuhusu vifurushi vya safari, zinazoitaka iwe na dhamana ya kukurudishia fedha ikifilisika. Uliza dhamana hiyo iko wapi. Kampuni ya kweli hujibu mara moja.

Kama uko Uingereza tayari, kwa masomo au kazi, au umekuja kumtembelea ndugu, kuna njia ya bei ndogo sana. Walinzi wa kujitolea wa Cotswolds, waliopo tangu 1968, huongoza matembezi ya siku moja mwaka mzima kwa ada ndogo. Jiunge nao siku moja kabla ya kununua kifurushi cha mamia ya pauni. Utajua kama miguu yako na moyo wako vinakubali.

Majira na mwanga

Mei na Juni ndiyo miezi yangu. Mwanzoni mwa Mei misitu hutandikwa maua ya buluu chini ya miti, malisho yana wanakondoo, na vumbi la kiangazi bado. Mwishoni mwa Juni jua huchomoza kabla ya saa 11 alfajiri na kuzama saa 3:30 usiku, kwa hiyo kundi lililochelewa halina hofu ya giza. Julai na Agosti kuna joto kidogo zaidi, kwa kawaida nyuzi 20 na ushee, lakini shule zimefungwa na vyumba vinapanda bei. Septemba ni tulivu. Desemba jua limezama ifikapo saa 10 jioni na njia ni tope tupu. Mwezi huo uachie wenyeji.

Viza, bima na malipo

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Congo anahitaji viza ya mgeni ya Uingereza, inayoruhusu kukaa hadi miezi sita. Maombi hufanywa kwenye tovuti ya serikali ya nchi hiyo, kisha unakwenda kituo cha maombi kutoa alama za vidole na kupigwa picha. Unaweza kuomba kuanzia miezi mitatu kabla ya safari, na majibu huchukua kama wiki tatu, ingawa msimu wa kiangazi ni busara kuwahi. Mwenye pasipoti ya Oman haombi viza hiyo kwa ziara fupi. Yeye huomba kibali cha kielektroniki cha ETA.

Hapa kuna mtego wa fedha. Kampuni itataka amana ili ikushikie nafasi, na wanaoamua viza wanataka kuona mpango wa safari unaoeleweka. Lipa amana ndogo inayorudishwa, omba barua yenye tarehe na ratiba, na ubakize malipo makubwa hadi viza iwe mkononi. Bima ya safari inunuliwe siku ileile unayolipa amana, ikitaja waziwazi matembezi ya vilima, matibabu na kufutwa kwa safari.

Kuandaa mwili

Anza wiki nane kabla. Mtu anayeishi pwani, Mombasa, Tanga au Dar, ana mapafu na moyo wa kutosha kwa joto, lakini magoti yake hayajazoea kushuka. Tafuta ngazi za jengo refu na uzishuke taratibu ukiwa na begi la kilo tano mgongoni, mara tatu kwa wiki. Aliye karibu na Lushoto, Morogoro au vilima vya Ngong atembee huko mwisho wa wiki. Shabaha ni kuweza kutembea saa tano na mapumziko, na kesho yake uamke ukatembee tena. Siku hiyo ya pili ndiyo kipimo.

Kipimo cha muda kinachotumiwa na viongozi wengi kilitolewa na Mskoti William Naismith mwaka 1892: kilomita 5 kwa saa, na nusu saa ya ziada kwa kila mita 300 za kupanda. Kundi la watu wa kawaida, wanaopiga picha na kufungua malango, hutembea polepole zaidi. Hesabu kilomita 3 hadi 3.5 kwa saa, pamoja na kusimama.

Buti kwanza, mengine baadaye

Ukiwa na fedha za kitu kimoja tu kizuri, zitie kwenye buti. Zinunue saa za jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, ukiwa umevaa soksi nene utakazotembea nazo. Kidole gumba kisiguse mbele unaposhuka mteremko. Zivae angalau mwezi mzima kabla ya safari, nyumbani, dukani, kazini, hadi ngozi ya buti ikubali umbo la mguu wako. Ardhi ya huku ina udongo wa mfinyanzi juu ya mawe ya chokaa, na mvua ikinyesha tope hunata chini ya soli hadi kila mguu unaongezeka uzito, kwa hiyo soli iwe na meno marefu.

Nguo zivaliwe kwa tabaka. Fulana isiyo ya pamba inayokauka upesi, sweta jepesi la sufu au flisi, kisha koti la mvua lisilopenyeza maji, pamoja na suruali ya mvua ya kuvalia juu. Jinzi acha hotelini. Ikilowa haikauki, inakuwa nzito, na upepo wa Cleeve utakutetemesha hata mwezi Juni. Wanawake wanaovaa sketi ndefu au baibui wanaweza kutembea vizuri kabisa kwa suruali pana na kanzu fupi ya magotini. Zinazoleta shida ni nguo zinazoburuta, kwa sababu ya tope na ngazi za kuvukia kuta.

Ndani ya begi la mgongoni weka mfuko mkubwa wa plastiki kisha vitu vyako ndani yake, kwani mabegi mengi huvuja. Maji lita moja na nusu, chupa ya chai ya moto, karanga au tende, kofia, glavu nyepesi, plasta za malengelenge, filimbi, tochi ndogo, betri ya akiba ya simu. Hata kama kiongozi anayo ramani, nunua yako. Ile ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, ya skeli 1:25,000, namba OL45, inaanzia upande wa Chipping Campden, na njia za umma zimechorwa kwa vistari vya kijani. Kuifuatilia kila jioni na kidole, mkijua kesho mnapita wapi, ni sehemu ya utamu wenyewe.

Siku tatu zenyewe

Panda treni kituo cha Paddington, London, hadi Moreton-in-Marsh, kisha basi au teksi hadi Chipping Campden. Fika jioni moja kabla ya matembezi. Barabara kuu ya mji imepinda kama upinde, na katikati kuna banda la soko la mwaka 1627, sakafu yake ya mawe imechakaa kwa nyayo. Ingia kanisani kwa Mtakatifu Yakobo umwone William Grevel kwenye bamba la shaba. Alikuwa mfanyabiashara wa sufu, akafariki 1401. Mji huu ulitajirika kwa migongo ya kondoo, nawe kwa siku tatu utakuwa ukipita kwenye malisho yao.

Siku ya kwanza ni fupi, kama kilomita 10 hadi Broadway. Baada ya kupanda kidogo mnatokea Dover's Hill, ambapo michezo ya kijiji iliyoanzishwa na Robert Dover mwanzoni mwa karne ya 17 bado inafanyika kila mwaka kuelekea Juni. Baadaye mnafika mnara wa Broadway, wenye kimo cha mita 20, uliojengwa mwishoni mwa karne ya 18 juu ya kilima cha mita 312. Siku ya hewa safi mnaona vilima vya Wales. Kutoka hapo ni kushuka zaidi ya mita 200 hadi kijijini. Hapa ndipo magoti ya pwani yanapojulikana, kwa hiyo kaza kamba za buti kwenye kifundo kabla ya kuanza kushuka, na tumia fimbo kama unazo.

Siku ya pili ni ndefu, karibu kilomita 19 hadi Winchcombe, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Asubuhi mnapita Stanton, kijiji ambacho msanifu majengo Philip Stott alikinunua mwaka 1906 na kutumia miaka ya maisha yake kukikarabati, ndiyo maana hakina jengo lililochomoza kinyume na mengine. Kisha Stanway, yenye lango la mawe la karne ya 17 na chemchemi inayorusha maji mita 91 juu kwa nguvu ya mteremko peke yake, bila pampu. Haifunguliwi kila siku, kiongozi aulizwe mapema. Baada ya Stanway kuna mpando wa kweli kupitia malisho. Pandeni polepole, kwa pumzi inayowaruhusu kuongea.

Mchana mnashukia Hailes, magofu ya nyumba ya watawa iliyoanzishwa 1246 na Richard, ndugu yake mfalme Henry III. Mahujaji walimiminika hapa kuona chupa iliyosemekana kuwa na damu ya Kristo, hadi Henry VIII alipovunja nyumba za watawa na hii ikafungwa 1539. Zimebaki tao chache juu ya nyasi. Kando yake kuna kanisa dogo ambalo wengi hulipita wakiwa na haraka ya kufika. Ingieni. Lina michoro ya ukutani ya zama za kati, wawindaji na mbwa wao, iliyofifia lakini ipo.

Winchcombe ni mji unaopenda watembeaji, na kasri la Sudeley liko pembeni yake, alipozikwa Katherine Parr, mke wa mwisho wa Henry VIII, mwaka 1548. Usiku wa tarehe 28 Februari 2021 kimondo kilianguka kwenye njia ya kuingilia nyumba moja ya mji huu, kipande cha mwamba wa kale kuliko dunia yenyewe, na vipande vyake viliokotwa kwa msaada wa wakazi.

Siku ya tatu, kama kilomita 10. Mpando wa asubuhi unafika Belas Knap, kaburi la pamoja lililojengwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Lina mlango mkubwa wa mawe ambao hauendi popote, na vyumba vya mifupa viko pembeni. Kwa nini walijenga mlango wa uongo, wataalamu bado wanajadiliana. Kaeni hapo kwa muda. Halafu mnapanda malisho ya Cleeve, mita 330, juu kuliko pengine pote Cotswolds. Upepo ni mkali, nyasi ni fupi, chini kuna Cheltenham na bonde la mto Severn.

Ng'ombe, malango, kupe

Lango liache kama ulivyolikuta, lililofungwa lifungwe, lililo wazi libaki wazi. Usipande juu ya kuta za mawe. Zimepangwa bila saruji na jiwe moja likitoka ukuta hubomoka.

Hatari kubwa ya mashambani ni ng'ombe wenye ndama. Usipite katikati ya mama na mtoto, zungukeni kwa mbali, msikimbie. Kama kuna mbwa na ng'ombe wakamfuata, mwachieni kamba, atajiokoa mwenyewe na ng'ombe watawaacha ninyi. Upande wa majani marefu kuna kupe wanaoweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo ingiza suruali ndani ya soksi na ujikague kila jioni nyuma ya magoti na kwenye mapaja. Ukimkuta, mtoe kwa kibano taratibu ukimvuta wima, na ukiona wekundu unaopanuka siku zijazo muone daktari.

Ukisikia mguu unaungua mahali, mwambie kiongozi hapohapo, usisubiri mapumziko. Plasta ya dakika mbili inaokoa siku mbili. Vilevile mwambie unapohitaji kujisaidia. Viongozi wamezoea na watasimamisha kundi mahali penye kichaka. Namba ya dharura ni 999 au 112.

Kula na kusali

Mchana mtakula mkate mlioubeba au mtaingia baa ya kijijini. Jikoni za baa nyingi hufungwa baada ya saa 8 mchana hadi jioni, kwa hiyo mkichelewa mtakuta vinywaji tu. Nyama ya halali vijijini ni adimu. Agiza samaki, mboga au mayai, na uulize kama samaki amechovywa kwenye unga wenye bia, maana ni kawaida huko, na pai nyingi pia hupikwa nayo. Mjulishe kiongozi wiki mbili kabla, naye atawapigia simu wenye baa. Maji ya bomba ni salama.

Kwa Waislamu, kibla kiko kusini-mashariki. Mwezi Juni Isha huingia usiku sana na Alfajiri mapema mno, hivyo chukua ratiba ya msikiti wa Cheltenham au Gloucester kabla ya kufika. Adhuhuri inaangukia katikati ya matembezi. Mkeka mwepesi na chupa ya ziada ya maji vinatosha, na mwombe kiongozi mapumziko ya mchana yawe sehemu kavu.

Kurudi

Kutoka Cleeve basi hukushusha Cheltenham, na kituo chake kina treni za London na Birmingham. Jumapili mabasi ya vijijini hupungua sana na mengine hayapo kabisa, kwa hiyo panga siku ya tatu iwe Jumamosi au siku ya kazi, au weka teksi mapema. Bakshishi kwa kiongozi si lazima. Wengi humpa mwishoni kwa mchango wa kundi, na wapo wanaomwandikia kampuni yake barua ya kumsifu, jambo linalomsaidia zaidi msimu ujao.